Karata za Pakine

Kila asubuhi, kabla hajafungua hata kufuli la pili la duka lake, Hajira alikuwa anatoa simu na kutazama kama karata imefika. Wateja wasubiri. Duka lenyewe, la mashuka ya Kimaasai na shanga, liko nyuma ya soko la Karatu, limekaa hapo miaka ishirini na sita na wala halijakimbia. Karata ikishafika ndipo alipofungua mlango, akafagia, akasalimiana na majirani, na siku ikaanza kuitwa siku.

Karata hiyo ilitoka Engaresero, kule chini karibu na Ziwa Natroni, kwa rafiki yake Nasieku. Na usidhani ni karata ya kushika mkononi. Ilikuwa picha tu ndani ya mchezo wa simu unaoitwa Turufu, mchezo uliotengenezwa na watu ambao hapa Karatu hakuna aliyewahi kuwaona wala kujua wanakula nini. Mle ndani kulikuwa na kazi za kila siku: fanya hiki upate sarafu, fanya kile upate taji. Kazi moja ilikuwa nyepesi kuliko zote. Mtumie rafiki karata moja, naye akutumie moja, kila mtu apate sarafu zake kumi. Vijana waliidharau, maana sarafu kumi za mchezo hazinunui hata kofia ya mchezo. Hajira naye hakuwa na haja nazo. Alichotaka ni karata yenyewe, kwa sababu Nasieku hakuwa na njia nyingine ya kumwambia kwamba ameamka salama.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo, msinichoke.

Nasieku ni mama wa Kimaasai wa Endulen, ndani huko Ngorongoro. Alianza kuja Karatu siku za mnada akiwa ameolewa juzi tu, mikufu ya shanga imejaa kwenye mfuko wa sandarusi. Hajira, Mrangi wa Kondoa aliyeletwa huku na mumewe, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa ananunua. Mwaka wa kwanza walibishana bei. Mwaka wa pili walibishana bei huku wanakunywa chai. Mwaka wa tatu Hajira akamfundisha karata, wakawa wanacheza juu ya robota la mashuka wakisubiri gari la kurudi Endulen, na hapo ndipo Hajira alipokiona cha mtema kuni, maana Nasieku alikuwa mwizi wa karata usiombe. Alikuwa anaficha ree chini ya shuka, na akishikwa anatazama dari kwa makini kama mtu anayekagua mabati.

Halafu Hajira akajifungua mwanawe Talha, baada ya mimba tatu kuharibika. Nasieku alikuja kumwona na mbuzi jike mweupe, nusu ya njia kwa miguu kwa kuwa makondakta walimkatalia huyo mbuzi. Mwaka uliofuata Nasieku akampata Dickson, na zamu hii Hajira ndiye aliyegombana na makondakta. Sasa kwa Wamaasai, watu wawili waliopeana mbuzi hawaitani tena kwa majina yao. Kila mmoja humwita mwenzake Pakine, yaani yule tuliyepeana mbuzi. Na mbuzi wa jina hauzwi. Nasieku alimweleza Hajira hilo akiwa amemshika sikio kabisa, kama mtoto: ukimuuza yule mbuzi, umeliuza na jina, umemwambia mwenzako sikutaki tena. Hajira alimpeleka mbuzi wake kwa Josephati, mkulima wa Buger anayemfugia, na mpaka leo uzao ule haujaguswa. Idi ngapi zimepita, mashemeji wanamtolea macho, na yeye anakwenda sokoni kununua mbuzi mwingine kwa bei ya sikukuu.

Mwaka jana, mwezi wa nane, Nasieku akaanguka na kiharusi.

Alipopata nafuu, mkono wa kulia ulikuwa umelala, uso umeshuka upande huohuo, na maneno yamekwenda. Kuelewa anaelewa kila kitu, ila kusema hawezi. Dickson, ambaye sasa ni mpishi kwenye kambi moja ya watalii huko Engaresero, akamchukua mama yake akakae naye. Hajira alitaka kwenda siku ileile. Dickson akamwomba kwa adabu asije kwanza, kwamba yeyo, mama yake, ameonyesha kwa mkono kuwa hataki Pakine wake amwone vile. Hajira akapiga simu ya video. Nasieku alifunika uso kwa shuka, akageukia ukutani. Mara ya pili vilevile, na ya tatu. Yule mwanamke alikuwa mzuri, jamani, na alijijua. Kuandika hakujua, hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Alipojaribu kurekodi sauti, kilichotoka kilimtisha mwenyewe, akaitupa simu kitandani.

Basi Dickson akaweka Turufu kwenye ile simu, akamwunganisha mama na Hajira, aliyekuwa na mchezo huo tayari kwenye yake, angalau mama achangamke. Kila asubuhi akawa anakwenda naye kambini, kwenye mtandao, anamweka kwenye kigoda nje ya jiko. Na asubuhi moja, Hajira yuko dukani hana hili wala lile, simu ikalia. Amepewa zawadi na rafiki: mbili ya pau, karata ya ovyo kuliko zote. Hakuhitaji kuambiwa imetoka kwa nani. Alicheka peke yake mle dukani mpaka akalia.

Tangu siku hiyo wakawa wanaongea. Bibi wa kopa maana yake nimelala vizuri. Shupaza yoyote, sina raha leo. Karata ndogo za pau zilikuwa za utani, na ree ilikuja mara chache sana, siku ambazo mkono umesogea kidogo au ameweza kusimama bila kushikwa. Hakuna aliyewafundisha lugha hiyo, iliota yenyewe. Mle ndani ya mchezo Nasieku hakuwa mgonjwa wala hakuwa bubu, alikuwa Nasieku yule mwizi. Hajira alizitunza karata zote kwenye albamu ya mchezo, mia moja na hamsini na kitu, na kazi ikipungua dukani alikuwa anazipitia moja moja.

Sasa sikiliza walichokifanya hao watu wa Turufu.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, mchezo ulijisasisha. Hajira alipoufungua akakuta ukurasa umejaa Kiingereza kuanzia juu mpaka chini, na katikati kitufe kikubwa cha kijani chenye taji la dhahabu. Mbele yake alikuwa amesimama mteja anayetaka mashuka manne ya harusi. Hajira akabonyeza, kama tunavyobonyeza sote, mambo yaishe. Sarafu zikamwagika kwenye kioo kwa makelele. Alimaliza na mteja, akamfungia mzigo wake, kisha akafungua albamu atazame karata ya jana. Haikuwemo. Ya juzi haikuwemo pia. Albamu nzima ilikuwa tupu.

Alitoka mbio, kandambili moja nje moja ndani, mpaka kibanda cha Luqman, fundi simu wa jirani na bingwa wa Turufu mtaa mzima. Alimkuta Luqman mwenyewe amefura. Alianza kulalamika kabla Hajira hajakaa: kazi zote zimebadilishwa. Zamani ulikuwa unashinda michezo mitatu, unachukua zawadi yako, unaendelea na maisha. Sasa ni michezo kumi na tano, tena dhidi ya watu usiowajua, ndani ya wiki moja, na usipomaliza unaanza upya au unanunua kwa hela. Karata ya rafiki ndiyo wameifuta kabisa, maana haikuwa inawaingizia kitu. Vijana wote wamewapa nyota moja na wengine wamefuta mchezo. Wametugeuza vibarua, mama mdogo, alisema. Hajira akamwambia hizo kumi na tano atajua mwenyewe, yeye amsomee kilichoandikwa kwenye kile kitufe.

Luqman alisoma, kisha akasema polepole, "Wanasema karata ulizopewa na marafiki hazitumiki tena, kwa hiyo wanazinunua. Ukibonyeza hapa umeziuza zote. Na kila rafiki aliyekupa anaonyeshwa kwamba umeuza za kwake."

Hajira akakaa chini, pale pale kwenye kreti la soda.

Luqman hakuelewa kwa nini mtu mzima anasikitika hivyo kwa ajili ya picha, lakini ni kijana mwenye moyo, hakucheka. Alikubali kuwaandikia wenye mchezo. Hajira akawa anatamka na yeye anaandika: kwamba zile karata hazikuwa za kuuzwa, kwamba alibonyeza bila kusoma na kosa ni lake, anakubali, lakini mwenzake ni mgonjwa na hana mdomo mwingine, kwa hiyo wachukue sarafu zao zote wamrudishie hata karata moja. Majibu yalikuja haraka ajabu. Yalimshukuru mchezaji mpendwa kwa maoni yake mazuri, yakamuuliza kama ameshajaribu kazi mpya ya kushinda michezo kumi na tano. Hajira aliuliza kama huyo ni mtu au mashine. Luqman akasema anadhani ni mashine.

"Basi haikufunzwa na mamaye," akasema Hajira, akarudi dukani.

Kesho yake asubuhi alisimama mlangoni na simu, ingawa alijua hakuna cha kusubiri. Alimpigia Dickson, hakupatikana. Alhamisi akampata, na alichokisikia kilimkata maini. Dickson alisema mama yake hataki tena kuja kambini. Simu ameifunga kwenye kitambaa, ameiweka chini ya kitanda. Chakula hali vizuri. "Na nikilitaja jina lako, mama, anafunika uso analia," alisema. "Sijui tumemkosea nini."

Hajira alijua. Mwenzake ameona. Ameonyeshwa zile karata zake, moja baada ya nyingine, zinauzwa, na aliyeziuza ni Pakine. Mtu asiyeweza kuuliza kwa nini, ataishi na jibu alilojipa mwenyewe. Hajira aliwaza hivyo huku anamkatia mtu shuka, akakata vibaya, akaharibu kitambaa. Aliogopa. Alikuwa ameshazika mume na wazazi wote wawili, lakini hao Mungu ndiye aliyewachukua. Huyu angempoteza kwa kidole chake mwenyewe.

Alifunga duka saa tano asubuhi, kitu ambacho soko zima lilikizungumza. Alikatazwa asiende, ndiyo, lakini makatazo yana siku zake. Akapata lifti kwenye gari linalopeleka vyakula kambini, dereva wake akiitwa Martini, mtu wa Karatu hapahapa, mkimya kwa bahati nzuri. Waliteremka ukingo mpaka Mto wa Mbu, wakashika njia ya Engaruka, na kuanzia hapo ni vumbi. Njia nzima Hajira alikuwa anapanga maneno. Alianza na yale ya mchezo, yakawa marefu. Alianza na yale ya mbuzi, yakamkaba. Walipoupita mlima Lengai alikuwa hajapata hata sentensi moja ya kuanzia, na vumbi lilikuwa limemwingia mpaka kwenye meno.

Dickson alimpokea nje ya nyumba. Alimwamkia shikamoo, akampokea mfuko wa sukari na majani ya chai, na usoni alikuwa na wasiwasi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa amepewa amri ya kumzuia. Hajira akamwambia akirushiwa lawama aseme alisukumwa.

Ndani kulikuwa na kitanda cha miti kilichotandikwa ngozi. Nasieku alikuwa amekaa ukingoni, mgongo mlangoni, shuka jekundu limefunika kichwa chote. Alikuwa amekonda. Hajira akamsalimia kwa Kimaasai, takwenya, na jibu lake, iko, halikuja, na hakulitarajia. Hakumzunguka kumtazama. Alikaa chini kwenye mkeka, nyuma yake, akautazama ule mgongo.

"Pakine," alisema, "nimeuza karata zako. Zote. Nilibonyeza sijasoma. Sikujua ninauza. Sina la kujitetea, nimekuja tu uniambie kama bado nina ruhusa ya kukuita hivyo."

Mabega ya Nasieku yalianza kutikisika. Hajira alidhani ni hasira, akainamisha kichwa zimwangukie zote. Lakini Nasieku aliinama, akapapasa chini ya kitanda kwa mkono wa kushoto, akatoa kifurushi cha kitambaa. Akakisukuma nyuma bila kugeuka, kikaanguka kwenye mkeka. Ndani yake ilikuwa ile simu, imezimika. Dickson akaleta pawabenki, wakasubiri iwake. Hajira alifungua Turufu. Juu kabisa, sarafu kibao. Akafungua albamu ya Nasieku, ile ya karata alizokuwa anatumiwa kutoka Karatu kila asubuhi.

Ilikuwa tupu.

Hajira aliitazama muda mrefu kidogo kabla hajaelewa. Kitufe kilekile. Nasieku naye, Jumanne hiyohiyo, kwenye kigoda nje ya jiko, alikuwa amekibonyeza. Hajui kusoma, lakini amekulia mnadani: kitu kikitoka upande huu na sarafu zikaja upande ule, analijua jina lake. Aliziona karata za Hajira zikienda zake, na aliyeziuza ni yeye, yeye aliyemshika mwenzake sikio kumfundisha kwamba hilo halifanywi. Taarifa yake, kama ilimfikia Hajira, ilikuja kwa Kiingereza asichokisoma, na ile ya kwamba Hajira ameuza huenda hata haikumfikia yeye. Alikuwa ameshaifunga simu kwenye kitambaa. Hakuwa amekasirika na mtu. Siku zote hizo alikuwa anajificha kwa aibu.

"Na wewe?" Hajira alisema. "Pakine, na wewe? Mimi nimekuja huku natetemeka kumbe na wewe?" Akatoa simu yake, akafungua albamu yake tupu, akainyoosha mbele mpaka karibu na ule mkono wa kushoto. "Tazama. Tazama hii."

Nasieku akageuka. Kwa mshangao alisahau. Aliinyakua simu, akaisogeza machoni, akatazama tupu ya huku na tupu ya kule, akamtazama Hajira, na shuka likawa limemteleza mpaka mabegani. Hajira akauona uso wake mara ya kwanza baada ya nusu mwaka. Upande wa kulia umeshuka, jicho limelegea, mate yanachuruzika kwenye pembe ya mdomo. Upande wa kushoto ulikuwa unajaribu kucheka. Nasieku akakumbuka, na mkono ukakimbilia shuka.

Hajira hakumzuia. Aliinuka tu kutoka mkekani, akazunguka kitanda, akakaa kulia, upande ule ulioshuka, bega kwa bega. Akachukua pindo la kanga yake, akamfuta mate bila kuharakisha. Mkono wa Nasieku ulibaki umeshika shuka, haulipandishi wala hauliachii. Kisha ukaliachia.

Dickson alichungulia mlangoni. Alimtazama mama yake uso wazi mbele ya mtu, akasahau alichokuja kukisema, akakumbuka tena: Martini ameshashusha mzigo, anauliza kama Hajira anarudi naye leo. Hajira akamjibu bila kugeuka kwamba Martini aende zake, na akifika Karatu amwambie Luqman alitazame duka.

Gari liliposikika likiondoka, Nasieku aliinua mkono wake mzima, akauvusha mbele ya kifua, akampiga Hajira kofi la pajani. Si la mzaha. Lilisikika mpaka nje, na Hajira alilielewa vizuri kuliko angeelezwa kwa maneno: nusu mwaka mzima, ulikuwa wapi?

"Si wewe uliyenikataza?" alisema.

Nasieku akampiga la pili, taratibu, na safari hii mkono hakuuondoa.